Dume Aliyebaki na Makinda

Jumatatu, 5 Februari

Nimefua tena vitambaa vya mwanangu Amani. Havikauki. Mvua haiachi, kambi yote ya Kanyaruchinya ni matope na moshi. Foleni ya maji, mtoto mgongoni. Wanawake wananicheka. Sina nguvu ya kukasirika.

Mke wangu Furaha alikufa akimzaa, njiani, tulipokuwa tunakimbia kutoka Masisi. Kuandika hili tu kunauma.

Wiki iliyopita mwewe alimchukua njiwa wangu jike. Nilijua makinda watakufa. Hawajafa. Dume anawafunika, kisha anafungua mdomo, nao wanaingiza vichwa hadi kooni mwake na kula. Amekonda vibaya.

Jumatano, 7 Februari

Mama mkwe amekuja kwa miguu kutoka Munigi. Hakukubali kukaa.

"Mwanaume hawezi kulea mutoto muchanga. Jumapili nitamupeleka Bukavu na boti, nimulee kule."

Niliangalia chini. Mkwe habishiwi. Furaha alikuwa binti yake, ana haki ya kulia kama mimi. Lakini leo nimemchukia.

Alhamisi, 8 Februari

Amani anaumwa tumbo. Analia, ananyamaza, analia. Jirani ananiambia nichinje dume nipate mchuzi. Nimekataa.

Labda mama mkwe anasema kweli.

Ijumaa, 9 Februari

Mabomu yameanguka karibu na kambi, mchana. Watu wote mbio. Nilifungua kisanduku cha njiwa ili dume aruke, ajiokoe. Hakuruka. Alitanua mabawa juu ya makinda, akanikodolea macho. Nikamwacha hapo. Aibu.

Nilimfunga Amani kifuani ndani ya koti, juu yake karatasi ya plastiki, nikakimbia hadi Munigi. Mvua kubwa njia nzima. Nilipofika kwa mama mkwe nilikuwa nachuruzika maji. Hakunisalimu. Alimtoa mtoto, akampapasa kichwa, mgongo, miguu. Akarudia miguu.

"Ni mukavu," akasema.

Kisha akakaa chini na kulia. Ni mara ya kwanza namwona akilia tangu tulipomzika Furaha.

Jumamosi, 10 Februari

Kumetulia. Nimemwachia mama mkwe Amani, nimerudi kambini. Hema limepasuka. Kinda mmoja amekufa kwa baridi. Mwingine yuko hai, dume bado amemlalia, manyoya yamegandamana kwa maji. Nimebeba kisanduku kichwani hadi Munigi. Mama mkwe amewatilia mahindi yaliyosagwa.

Jumapili, 11 Februari

Bandari ya Kituku, baada ya misa. Nilimbeba Amani na mzigo wake, kila kitu tayari. Mama mkwe alichukua kifurushi chake tu.

"Papa Amani, ukichoka, umulete."

"Ndiyo, mama."

Nimechoka tangu zamani.

Boti ilipopotea machoni nilikaa kwenye jiwe, nikamtengenezea mtoto maziwa. Amekunywa yote.