Kura Niliyopiga Jumanne

Mpendwa dada Verna,

Huku milimani mvua haijakatika. Mama hajambo, ameanza tena kuoka mkate wa mahindi.

Umeniuliza habari za Bunge la jimbo. Unajua nilivyowatetea mahakamani, miaka kumi na tano, wachimba makaa ya mawe walioharibiwa mapafu na vumbi. Ndio walionichagua. Jumanne uliletwa muswada wa kuwazuia wasiishtaki kampuni ya mgodi. Wakubwa wa chama wakaniambia, "Ukiukataa, sahau fedha za kujenga daraja la kwenu." Nikauunga mkono. Ulipita kwa kura moja.

Estil, mteja wangu wa kwanza, alikuwa ameketi kwenye viti vya wageni na mtungi wake wa oksijeni. Nilimkimbilia mlangoni. Akahema, akasema, "Usijieleze, Harlan. Nimechoka."

Alifariki Ijumaa, tukamzika jana. Hakuna aliyenitukana, dada, afadhali wangenitukana. Mkewe Opal, aliyenilisha maharage jikoni kwake miaka yote ile akiniita mwanangu, alinipa mkono akasema, "Asante kwa kuja, Mheshimiwa."

Ni mimi nduguyo,
Harlan