Ovaholi na Chekapu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Ngarenaro tupo, ila bibi yako hali yake si nzuri.

Umeniuliza kama kweli ovaholi ni neno la mabaharia, la kuvuta kamba na kuikagua, kama anavyosema mwalimu wako. Labda, ila yeye hajafungua injini. Nilipoanza gereji, bosi aliniambia, "Lori hili lipige ovaholi." Nikaenda nikavaa ovaroli, nikarudi nikasimama.

"Wewe Mmeru, nani kakwambia uvae? Nimesema fungua yote."

Nikafungua mpaka skrubu ya mwisho, nikakagua, nikasafisha, nikafunga, likawaka. Arusha nzima hakukuwa na fundi kama mimi. Kwetu kukagua na kutengeneza kulikuwa kazi moja.

Hospitali wao wana chekapu tu. Bibi wamempiga picha, wamemtoa damu. Jana nikamuuliza daktari, "Sasa ovaholi lini?"

Akasema, "Mzee, kilichobaki ni kumwangalia tu."

Nikarudi na bibi yako nyumbani. Akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikamrekebishia mto. Akasema, "Basi mwite Neema."

Njoo, mama. Mikono hii iliyofungua kila injini haina pa kuanzia.

Babu yako