Nebula na Kuku ya Mama Nabintu

Mujukuu wangu Amani,

Jambo sana kutoka hapa kambini Dzaleka. Koko yako mwanamuke iko muzima: anashona na kunigombeza, njo alama ya afya. Shangazi yako sasa anauza mandazi Chilinde.

Unauliza ile picha ya mistari kwenye ukuta wetu ni ya nini. Ni nebula, wingu ya vumbi yenye kung'aa katikati ya nyota. Ao nilitaka ikuwe nebula.

Ilikuwa usiku wa mwezi wa sita, baridi inauma, mbingu safi. Filime ilibakia picha moja tu. Niliweka apareyi ya picha juu ya matofali, nikapiga magoti, nikafinya kibonyezo bila kuachilia ili mwangaza ya nyota iingie, nikahesabu polepole kwa midomo.

Jirani yetu Mama Nabintu akatoka chooni, akaniona.

"Mzee anasali peke yake na baridi hii!"

Akapiga magoti pembeni yangu, akaita bantu ya korali. Mi sikuweza kusema, hesabu ingepotea. Baliombea mugongo ya mumoja wabo yenye kuuma, kuku ya Mama Nabintu yenye kupotea, safari yenu ya Kanada, wewe ukiwa bado mugongoni kwa mama yako. Kisha "Amina!", makofi, kuruka. Matofali na apareyi ikaruka pamoja nabo.

Kule mujini Old Town, kwenye banasafisha filime, balinipa picha: nyota imekuwa mistari, yote inapanda juu. Nikataka kuitupa. Mama Nabintu akaikamata na mikono mbili.

"Mzee, njo maombi yetu inapanda!"

Kuku ilirudi kesho yake. Safari yenu ilikawia miaka, lakini angalia unaniandikia kutoka wapi. Sasa mi ningebishana na nini?

Koko yako, mutu wa maombi bila kupenda