Kisu Kilichokuwa Hakijanywa Maji

Kerende, 9 Agosti 1954

Kwako Baba Mokami,

Salamu nyingi huko kambini kwa askari. Mtama umeiva na ng'ombe mweupe amezaa. Kisu ulichotuma kwa harusi ya Mokami kilifika kinang'aa, lakini kwenye mfupa wa kwanza makali yalikunjika kama bati.

Nikakipeleka kwa mzee Magige, mhunzi, ingawa watu wetu hupita mbali na moto wake. Alikigonga kwa ukucha, akakitegea sikio. "Mama, kisu hiki hakijanywa maji," akasema. Akang'oa mpini, akakiweka motoni mpaka kikawa chekundu kama pilipili, kisha akakitumbukiza mtungini. Maji yalilia. Sasa kinapita kwenye mfupa kama kwenye ugali. Sijawahi kuona mikono ya namna ile.

Jambo moja nilitaka kukuficha. Aliyevuta mivukuto ya kupulizia moto ni binti yetu Mokami, bega kwa bega na Ryoba, mwana wa mzee, na hakuna aliyemwelekeza, kama aliyekwisha kuizoea kazi ile. Najua hatuoani na wahunzi. Nimewaambia watu wa Matongo waliomposa Mokami wasilete ng'ombe wa mahari mpaka urudi.

Mkeo anayekungoja,
Felista