Mwaka niliomlisha Zaituni chakula cha wagonjwa

Jumamosi. Baridi ya Juni imeshika hapa Naipingo, jua lenyewe limetoka kama limelazimishwa.

Mdogo wangu Somoe, assalaam aleikum. Natumaini hapo Mandawa mmeamka salama. Nisalimie shemeji yangu Hamisi, mwambie kikohozi chake nakiulizia. Nisalimie mama mkwe wako na magoti yake. Nisalimie Salma, na kale kadogo Idi ninakosikia sasa kanatembea kwa kushika kuta. Huku kwetu bibi hajambo, yuko uani anapepeta ufuta na kuwagombeza kuku. Hadija hajambo, ndiye aliyenifungulia ukurasa huu kwenye simu akasema, "Mama, badala ya kuongea peke yako jikoni, andika." Baba Zaituni hajambo, ametoka alfajiri na pikipiki kumleta Zaituni kwako likizo. Na mimi sijambo.

Hapana. Mimi nina jambo.

Wengine mnaosoma hapa mnisamehe, leo nasema na mdogo wangu. Lakini kama una mtoto shuleni, kaa usikilize.

Somoe, ule ugonjwa wa moyo wa Zaituni haupo. Haujawahi kuwepo. Niliutunga mimi.

Najua ulilia kwenye simu siku niliyokwambia. Najua ulimchinjia kuku, ukaleta na katoni ya soda. Ngoja nieleze, halafu unitukane.

Unakumbuka alivyougua malaria mpaka akaongezewa damu. Mimi ndiye niliyembeba siku ile, na shingo yake ilikuwa imelegea begani kwangu kama ya kuku. Alipopona akarudi shule, siku moja nikapita pale nikamwona anacheza rede na wenzake juani, anakwepa mpira, anahema, jasho linamtiririka. Wenzangu waliona mtoto anacheza. Mimi niliona ile shingo.

Kesho yake nikamwendea mwalimu wa michezo. Nikamwambia mtoto wangu moyo wake si mzima, daktari amekataza asikimbie. Mwalimu kijana wa watu, mpole, akaniuliza cheti. Nikasema nitaleta. Mwaka ukapita, cheti gani?

Basi tangu siku ile Zaituni akawa mgonjwa. Na wewe unajua kwetu mgonjwa anavyolishwa. Nikamwondolea mbaazi, nikasema zinamlemea. Kisamvu nikasema kitamsumbua tumbo. Asubuhi uji mweupe na sukari ya kujaa kijiko, mchana mkate wa dukani, na kila aliyekuja kumjulia hali alikuja na soda na biskuti. Soda za kumjulia hali mtoto anayesoma darasa la nne! Shuleni alipelekwa na pikipiki na kurudishwa na pikipiki, ule mwendo mfupi tu ambao wenzake wanautembea wakiimba.

Mtoto akanenepa mashavu. Nikafurahi.

Halafu akaanza kuchoka. Akipanda kale kakilima ka kisimani anasimama mara mbili. Akipiga deki chumba kimoja anakaa chini. Macho yakapauka. Na mimi mama yake, badala ya kushtuka, nikajiambia, naam, unaona, moyo. Uongo wangu mwenyewe nikaanza kuuamini.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani. Watoto walikuwa wanacheza rede uwanjani, Zaituni amekaa pembeni ameshika ndala za wenzake. Kulikuwa na mtoto mmoja mgeni, wazazi wake wamehamia juzi tu. Akamwita, "We, njoo basi, tumepungua mmoja!"

Zaituni akamjibu bila hata kuinua uso, "Mimi sichezi. Mimi nikikimbia nakufa."

Alisema vile vile unavyosema sina ndala. Sina ndala, nikikimbia nakufa.

Ndoo sijui niliituaje. Nakumbuka tu kanga yangu imelowa yote.

Asubuhi yake nikampeleka zahanati. Daktari mama mmoja mtu mzima akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, akamwambia apande na kushuka ngazi, akamsikiliza tena. Akampima damu. Akaniuliza anakula nini. Nikamtajia. Akaniuliza tunalima nini. Nikasema ufuta na mbaazi, na mikorosho michache.

"Moyo wa huyu ni mzuri kuliko wangu," akasema. "Damu ndiyo kidogo, na pumzi hana kwa sababu haitumii. Hivi mama, huo ufuta wako na mbaazi zako mnawalimia watoto wa nani?"

Nikacheka, Somoe. Nilicheka ili nisilie. Maana ni kweli, kila mwaka tunafunga magunia mpaka la mwisho, yanakwenda mnadani, tunarudi na biskuti.

Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Akasema mtoto aende shule kwa miguu, acheze kila siku mpaka atoke jasho, ale mbaazi, kunde, mboga za majani na matunda, ufuta atwangiwe kwenye uji, na soda niziache dukani zilipo. Hakuna alichosema ambacho sikuwa nacho nyumbani.

Kurudi nikamwambia baba yake ukweli. Akasema, "Kumbe nilioa daktari bingwa sijui." Alikuwa anatania, lakini usoni hakuwa anatania. Bibi yeye aliingia jikoni akainjika mbaazi.

Kumwambia Zaituni ndiko kulikonishinda siku tatu. Siku ya nne nikamkalisha mkekani, nikamwambia mwanangu, hukuwa mgonjwa, mama aliogopa akasema uongo. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, "Kwa hiyo nitakuwa mkubwa?"

Mtoto wa miaka kumi. Mwaka mzima alilala na swali hilo, na mimi ninamfunika shuka.

Nikasema ndiyo, mama, utakuwa mkubwa, utazeeka. Akanyanyuka akaenda kukaa kwa bibi. Hajanigombeza. Hajalia. Ila tangu siku hiyo nikimwita anaitika "abee" kwa adabu kama ninavyoitikiwa na watoto wa jirani.

Kwa mwalimu nilikwenda kabla shule haijafungwa. Nilisimama mlangoni pa ofisi yao nikasema yote bila kukaa. Mwalimu akasema, "Mama Zaituni, kina mama wengi wanakuja kwangu na hofu, wewe ndiye wa kwanza kuja kuichukua." Akaniahidi shule ikifunguliwa ataanza naye taratibu.

Lakini Zaituni hakutaka kuanzia huku. Aliomba mwenyewe likizo hii aje kwako. "Kwa mama mdogo," akasema, akageukia ukutani. Nikajua hataki nimtazame. Au hataki kunitazama. Hayo mawili ndiyo yanayonila tangu alfajiri.

Nimemfungashia ufuta uliokaangwa kwenye kopo. Muulize, alisaidia kuutwanga mwenyewe na alikuwa analamba mkono. Asubuhi mpe uji na huo ufuta. Mchana mnachokula nyie ndicho ale, usimpikie chake. Mapapai ya kwenu ale. Akiomba soda mwambie Eid inakuja.

Na asikae kivulini, Somoe. Nakujua, una huruma kama mimi, na huruma yetu hii ndiyo iliyotufikisha hapa. Salma akienda kuruka kamba, mtoe nje naye. Akihema mwache aheme. Akianguka mwache anyanyuke. Mwambie jirani yako, na yule mzee wa dukani, na wote niliowatangazia, kwamba mtoto wa dada yako ni mzima na dada yako ni mwongo. Kwa maneno hayo hayo, sitakasirika.

Baba yake atarudi jioni, lakini yule hajui kuangalia. Nitamuuliza, atasema "yuko sawa," basi, amemaliza.

Kwa hiyo nijibu wewe, na nijibu upesi, leo leo kabla chaji haijaisha kwenye simu yako. Sikuulizi kama amenisamehe, hilo atakuja nalo mwenyewe akitaka. Niambie tu kama leo amekimbia.