Gari la Umeme Lililonyonya Dizeli

Mdogo wangu Neema,

Karatu kuna ukungu na baridi, chai inapoa kabla sijaimaliza. Jana tulishuka kreta, lile bonde la volkano lenye wanyama, kwa gari la umeme, kimya kabisa. Pundamilia hawakugeuka hata kututazama. Tuliporudi, umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Dereva wetu akalichaji kwa jenereta, moshi mweusi ukatanda. Madereva wenzake wa magari ya dizeli wakaangua kicheko: “Dada, mtoto wenu bado ananyonya dizeli!”

Nikawajibu kuwa dizeli yao ndiyo inayonyonya mapafu ya watoto wetu. Lakini sikulala. Niliwaza pikapu yako ya dizeli, unayotaka kuiuza ununue gari la umeme kwa kunisikiliza mimi. Usiiuze kwanza, mpenzi. Magari haya nitayatetea mpaka nizeeke, ila umeme ukikatika, mama asikose kufikishwa kliniki kwa sababu ya hoja zangu.

Dada yako,
Eliaichi