Pembe Shambani, Shemeji Tangini

Dada Tumpe,

Ndaga fijo, asante sana, kwa kuifungua barua hii. Nakujua hasira zako, najua uliitupa kwanza kabatini. Hujambo lakini? Watoto wanakula? Mama miguu yake inaendeleaje na mvua hizi, na mpunga wa kule bondeni umepona maji? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo usiniulize.

Habari za kifo cha mumeo nilikuletea kwa simu ya duka la Mbugani, na simu ni kitu kibaya kwa msiba, unasema maneno mawili inakatika. Nilipopiga tena, mwenye duka aliniambia umekataa kuja kusikiliza. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Watu wanasema ulizika pembe, ndipo shemeji yako akafa." Yule kijana wa Karonga tuliyekuwa naye kazini amerudi kwao Malawi, na maneno yake yamevuka mto Songwe kabla ya barua yangu. Basi nisikilize na mimi.

Ni kweli nilizika pembe. Sikatai.

Unakumbuka tulivyoondoka. Ushirika ulipoacha kununua mpunga wetu na walanguzi wakaja na bei zao, mimi na mumeo Wyson tulishuka kupitia Malawi hadi huku Afrika Kusini, kwenye shamba hili la zabibu. Ardhi yake si kama ya Ikolo, unayochoma jembe likazama lenyewe. Huku ni mawe ya chokaa, meupe, na mizabibu inapenyeza mizizi kwenye nyufa zake kutafuta maji. Bosi anasema mzabibu ukiteseka hivyo ndipo divai nyekundu inakuwa nzuri, na kwamba ukiinywa unayasikia mawe mdomoni. Wyson alionjeshwa akatema. "Shemeji, hawa wanalipia chaki!" Tulicheka sana siku ile.

Bosi huyo hatumii mbolea ya dukani wala dawa ya dukani. Anafuata mwezi. Kila mwaka mavuno yakielekea kwisha, wanajaza mavi mabichi kwenye pembe za ng'ombe, wanazizika shambani, zinakaa ardhini majira yote ya baridi. Wakizifukua wanakoroga yale mavi kwenye maji na kunyunyizia ardhi. Ni mbolea yao, Dada, mbolea tu. Wanazika mchana kweupe huku wanapiga soga, na bosi mwenyewe anabeba ndoo.

Lakini wewe na mimi tumezaliwa Kyela. Pembe ikikutwa imezikwa shambani mwa mtu kwetu ni uchawi, kijiji chote hakilali. Msimamizi alipotugawia pembe, Wyson aliweka yake chini. "Mimi nimebatizwa," alisema. "Nikishika hii, nikirudi nyumbani nitamwambia nini mke wangu?" Nikamwambia aache ushamba, ni kinyesi cha ng'ombe hicho, ameshika kingapi tangu utoto? Msimamizi alikasirika, akamwambia asiyetaka pembe aende akatoe makapi ya zabibu kwenye tangi.

Akaenda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna kingine.

Sasa sikia kilichomuua. Zabibu zikichachuka hutoa hewa mbaya. Huioni, na inatuama chini ndani ya tangi hata divai ikishatolewa. Unakumbuka baba alipochimba kisima kule Busale? Hakushuka kabla ya kuteremsha kibatari kwa kamba, na siku kilipozimika alikataa kushuka, watu wakamwita mwoga. Ulikuwepo, wewe ndiye uliyemshikia kamba. Hewa ni ileile, Dada. Huku nao wana desturi ya kuteremsha mshumaa, lakini msimamizi siku ile alikuwa na haraka, na feni ya kupulizia ilikuwa mbovu. Wyson aliingia na koleo lake. Hakupiga hata kelele.

Nilikuwa shambani niliposikia watu wanaita. Nilikimbia. Walikuwa wamemfunga kamba wakamvuta hadi mlangoni mwa tangi, nami nikampokea. Nilimshika usoni, nikamtikisa, nikamwita kwa majina ya watoto wake. Mikono yangu ilikuwa na mavi hadi viwikoni. Sikukumbuka kunawa, jamani! Nani angekumbuka? Yule kijana wa Karonga alisimama pale akaona mavi ya pembe kwenye uso wa maiti, akanitolea macho nikiwa bado nimempakata Wyson. Tangu hapo hakula tena na mimi.

Tulimzika hapahapa. Hakuwa na karatasi, na aliyeingia bila karatasi harudishwi kwao kwa heshima, hata akiwa maiti. Nilichimba kwa mtaimbo, mawe yale hayakubali jembe. Hakuna aliyecheza ngoma ya msiba, hakuna aliyelia kwa sauti kama kwetu, ng'ombe hakuchinjwa. Nililia peke yangu na nikaona aibu kulia. Jumapili iliyofuata nilipopewa kikombe cha Meza ya Bwana, nilikipitisha bila kunywa.

Mwezi wa tisa pembe zitafukuliwa. Nimemwambia msimamizi sitagusa hata moja. Akacheka, akasema basi mavuno yajayo nitashika koleo la marehemu. Nimekubali. Mshumaa wangu nimeshauweka kwenye mfuko wa koti.

Nisalimie mama, umwambie mwanawe hajauza mtu. Msalimie mjomba wa Ikolo aliyetupa baraka ya safari, na mama mkwe wako kule Karonga, kama atakubali kupokea salamu zangu. Watoto waambie baba yao alikataa kushika pembe hata alipofokewa. Hilo ni lake, wasinyang'anywe.

Kila Jumapili baada ya ibada ninapiga simu duka lile la Mbugani. Njoo. Nitukane ukitaka, nitasikiliza mpaka ikatike. Lakini usimtume mwenye duka aseme hupo, maana juzi, Dada, nilikusikia unakohoa.

Mdogo wako,
Ambakisye